Sekunde Thelathini na Nane

Nyumba za Mtaa wa Pulaski zilijengwa mbilimbili, zikagawana ukuta mmoja katikati, na aliyekulia huko anajua kwamba jirani akipiga chafya upande wa pili, wewe ndiye unayemwambia pole. Denise Hrabak alikuwa amelisahau hilo. Miaka thelathini alikaa mbali, katika mji wa jua kali ambako kila mtu ana uzio wake na hakuna anayejua jina la mwenzake. Mwezi wa pili mama yake, Bi Lottie, akafariki, akamwachia nusu ya nyumba, kiti kimoja cha kuegemea, na timu.

Timu yenyewe ni Wafuachuma, wacheza besiboli, na kurithishwa timu ile kulikuwa sawa na kurithishwa punda mgonjwa. Miaka ishirini na miwili hawakuwa wameonja mtoano. Kila mwezi wa nne Bi Lottie alikuwa akimpigia binti yake simu na kumwambia neno moja, "Mwaka huu," na kila mwezi wa tisa alikuwa hapigi simu kwa wiki nzima. Denise alikuwa akimcheka. Sasa mama hayupo, na Wafuachuma, kwa ukorofi wao, ndiyo kwanza wakaamua kushinda.

Alipohamia alikuta vitu viwili asivyovielewa. Kwanza, fimbo ya kusukumia unga haikuwa jikoni. Ilikuwa sebuleni, ndani ya kikapu cha nyuzi kando ya kile kiti. Akairudisha kwenye droo ya jikoni, akijiambia kwamba uzee hauna adabu. Pili, ukuta ulio ubavuni mwa kiti ulikuwa na vibonyeo vingi, vimejazana mahali pamoja kama ndui. Akatundika juu yake kalenda ya kanisa, mambo yakaisha.

Hayakuisha. Mechi ya kwanza ya msimu, Denise ameketi kwenye kiti cha mama yake na bakuli la bisi mapajani, mrushaji wa timu pinzani bado anaupangusa mpira kwenye suruali, mara ukuta ukagongwa: ngo, ngo. Bakuli likamponyoka. Baada ya muda ndipo akaona kwenye televisheni kwamba timu yake imepata alama.

Upande wa pili alikaa Mzee Casimir Pruski, ambaye mtaa mzima ulimwita Caz, mfua chuma wa kweli aliyestaafu, mjane wa miaka themanini na sita mwenye fimbo ya kutembelea. Mzee alisikiliza mechi kwa redio. Televisheni ya Denise ilipata picha zake kwa mtandao, na picha zile sijui zilipitia wapi kwanza kusalimia watu, kwa maana zilifika zimechelewa. Alipima kwa saa ya jikoni: sekunde thelathini na nane. Kila jambo jema lililowapata Wafuachuma, Mzee Caz alilijua kwanza, akagonga mara mbili, na Denise akakaa pale kama mtu aliyesimuliwa mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo.

Alivumilia mwezi wa nne na wa tano. Mwezi wa sita, siku Wafuachuma walipopata alama sita katika awamu moja, ukuta uligongwa mara kumi na mbili mpaka kalenda ikaanguka, na Denise akavua kiatu akakivurumisha ukutani kwa nguvu zake zote. Upande wa pili pakawa kimya. Akadhani mzee amepata ujumbe. Kesho yake fimbo ikagonga kwa furaha zaidi kuliko siku zote.

Ilipofika tarehe saba Septemba, Wafuachuma wakiwaongoza Mabaharia kwa mechi saba na mji mzima ukitembea kifua mbele, Denise akaona heri aseme. Akamkuta mzee barazani kwake akichambua maharage.

"Mzee Caz, nina ombi, ila usinichukie."

"Nikuchukie muda nautoa wapi. Sema."

"Ni huko kugonga ukuta. Redio yako iko mbele ya televisheni yangu. Ukigonga, mimi mpira bado nauona mkononi mwa mrushaji. Unaninyang'anya utamu. Na mwaka huu, kwa ajili ya mama, nataka nione mwenyewe kwa macho yangu."

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliokuwa na harage, kana kwamba ndio ulioshitakiwa. "Nakunyang'anya utamu," akasema taratibu.

"Si kwa ubaya, mzee wangu."

"Nimekuelewa, binti wa Lottie. Hutanisikia tena."

Na kweli hakusikika. Tarehe nane Denise aliketi kwa raha zake, akaangalia mechi yote kwa macho yake mwenyewe, na kwa macho yake mwenyewe akaona Wafuachuma wakifungwa alama tisa kwa sifuri. Tarehe tisa wakafungwa tena. Kutangulia si kufika: zile mechi saba za kuongoza zikapungua zikawa tano, zikawa tatu, na Ijumaa ya mwisho wa msimu ikabaki moja.

Ijumaa hiyo Denise alikuwa kazini, jikoni kwa shule, akikwangua sufuria ya makaroni. Mwenzake Ramona, ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo, alikuwa akiuchambua msiba wa timu kwa sauti ya kusikika mpaka darasa la pili.

"Hivi hasa walianza kufungwa lini?"

"Tarehe nane," akasema Denise.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Tarehe saba nilikwenda kuongea na yule babu wa jirani kuhusu ukuta, na kesho yake…"

Ramona akaweka mwiko chini. "Ulimwambia nini?"

"Aache kugonga."

"Alikuwa anagonga tangu lini?"

"Mechi ya kwanza."

"Mechi ya kwanza. Timu inashinda miezi mitano, babu wa watu anagonga, wewe unakwenda kumziba mkono, na mimi hapa nimemtukana kocha wiki tatu."

"Ramona, hayo ni mambo ya kishirikina."

"Mume wangu hajanyoa tangu Julai. Nalala na beberu, Denise. Nimenyamaza kwa sababu tulikuwa tunashinda. Wenzako tunajitolea miili yetu, wewe umeshindwa kuvumilia ukuta."

Wenyeji wa mji ule si wajinga. Wanajua kwamba mpira unaorushwa uwanjani haujali nani kavaa soksi gani sebuleni kwake. Wanalijua hilo vizuri, ila hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyebadili soksi siku timu ilipofungwa. Denise alirudi nyumbani na jambo hilo limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini alikuwa mtoto wa mama yake kwa ukaidi pia, na kwenda kuomba ugongewe ukuta ambao uliomba usigongwe si kazi nyepesi. Ijumaa usiku timu ikashinda kwa taabu, na Mabaharia nao wakashinda kwao. Akajipongeza, akasema unaona. Jumamosi ikafungwa, Mabaharia wakashinda. Wafuachuma na Mabaharia wakawa sawasawa, imebaki mechi moja tu, Jumapili saa tisa alasiri, wao kwa wao. Atakayeshinda anaingia mtoano, atakayeshindwa anakwenda kuvua samaki.

Jumapili baada ya misa Denise alichemsha pierogi, mfano wa sambusa zilizojazwa viazi, akazimwagia vitunguu na siagi, akabisha hodi kwa Mzee Caz saa saba na nusu. Mzee alimpisha mpaka jikoni, akachukua uma, akala ya kwanza.

"Siagi nyingi," akasema. "Vizuri."

"Mzee Caz, nimekuja kuomba radhi. Gonga ukuta. Gonga unavyopenda, nami sitasema neno."

"Timu ikizama ndipo watu wanakumbuka wazee." Akachoma pierogi ya pili. Hakuonekana kukasirika, alionekana amechoka.

Hapo ndipo Denise alipoiona redio. Ilikuwa dirishani karibu na kiti chake, na waya wake umezungushwa vizuri na kufungwa fundo, kama redio ya mtu aliyesafiri.

"Kwani jana hukusikiliza?"

"Nilisikiliza mpaka awamu ya sita. Ikifika ya saba huwa nazima."

"Tangu lini unazima ya saba?"

"Tangu uliponiambia." Aliuinua ule mkono wa kulia akauonyesha. "Huu hauna adabu, mama. Wakipata alama unakwenda wenyewe. Mwanzoni niliukalia, ukafa ganzi, ulipoamka ukataka kwenda tena. Nikafunga mto kwenye fimbo. Awamu za mwanzo naumudu. Lakini kuanzia ya saba, moyo ukishapanda, siumudu tena. Basi nazima, naingia kulala, asubuhi nasoma gazetini."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga mlango mbovu. Denise alipiga hesabu. Wiki tatu. Timu yake imefika karibu na mtoano mara ya kwanza kwa miaka ishirini na miwili, yeye ana miaka themanini na sita, na ule mwisho wa kila mechi aliokuwa ameungoja muda wote huo alikuwa akiusoma kesho yake kama matangazo ya vifo. Denise aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ungeniambia," akasema.

"Uliomba uone mwenyewe. Ni haki yako." Mzee akafuta mdomo. "Ila Lottie yeye alikuwa anajibu."

"Anajibu nini?"

Mzee akamtazama, sasa kwa mshangao. "Hakukusimulia?"

Denise akatikisa kichwa.

"Irena wangu alipokufa sikuzungumza na mtu kipupwe kizima. Hata buchani nilikuwa naonyesha kidole. Mwezi wa nne nikawasha redio, maana kuna kitu gani kingine. Tukapata alama. Mara nasikia ukuta: ngo, ngo. Nikasema ni bomba la maji. Alama ya pili, ngo, ngo. Nikasema bomba gani hili linaloijua besiboli. Ya tatu nikajibu." Akacheka kidogo. "Miaka kumi na mmoja, binti wa Lottie. Mbili tukipata alama. Tatu tukishinda. Wao wakipata, hatugongi. Ubaya una miguu yake, utafika wenyewe. Na yeye alikuwa na redio kama mimi, kwa hiyo tulikuwa tunagonga pamoja, na aliyechelewa ndiye aliyekuwa amesinzia."

Redio ya mama yake Denise alikuwa ameipeleka duka la mitumba mwezi wa tatu, pamoja na mapazia.

"Alikuwa anagonga kwa kitu gani?"

"Sikuwahi kumuuliza. Kitu cha mti. Kilikuwa na sauti nzuri kuliko fimbo yangu."

Akilini Denise aliiona ile fimbo ya unga ndani ya kikapu cha nyuzi, akaviona vibonyeo vilivyo chini ya kalenda ya kanisa, na machozi yakamtoka papo hapo, mezani kwa watu, bila hata kupewa taarifa.

"Mbona hukuniambia mapema? Tangu mwezi wa nne?"

"Nilidhani anayekaa humo atakuwa anajua. Siku ya kwanza niligonga, nikangoja. Nikasema bado ana msiba, tumpe muda. Mimi mwenyewe nilipewa muda. Basi nikawa nagonga na kungoja." Akasogeza bakuli karibu yake. "Na mara moja ulijibu."

"Mimi?"

"Mwezi wa sita, siku ya alama sita. Mara moja tu, lakini kwa nguvu, mpaka picha ya Irena ikacheza. Nikasema, aha, hesabu bado hajaijua, ila anajifunza. Nilifurahi sana siku ile."

Denise alikikumbuka kile kiatu, na alichokuwa akisema kilipokuwa kinaruka. Kuna ukweli ambao hauna faida kwa yeyote aliye hai.

"Ndiyo," akasema. "Hesabu nilikuwa sijaijua."

Saa nane ilikuwa imepita. Denise akasimama. "Twende kwangu, mzee. Tutaangalia pamoja, kuna kochi zuri."

Mzee Caz akamtazama kama aliyetukaniwa mama. "Leo? Leo hahami mtu. Wewe kaa kwenye kiti cha Lottie, mimi hapa. Mwaka ule wa mwisho wa mtoano shemeji yangu alihama kiti awamu ya nane akafuate bia, na mpaka anazikwa hatukuwa tumemsamehe vizuri."

"Basi usizime."

"Sizimi."

"Hata mambo yakiwa mabaya?"

"Yakiwa mabaya utasikia nimenyamaza," akasema mzee, na alikuwa ameshaanza kufungua fundo la waya.

Denise aliivua kalenda ukutani. Akatoa fimbo ya unga kwenye droo, akaketi. Awamu ya pili ukuta ukasema ngo, ngo. Hakungoja kuona. Akagonga mara mbili palepale kwenye vibonyeo, na mti ukaingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Upande wa pili akasikia mzee akikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji.

Mabaharia nao hawakuja kutalii. Walipata alama moja, wakapata mbili, na kila walipopata ukuta ulinyamaza. Ilipofika awamu ya tisa, ya mwisho, Wafuachuma walikuwa wanaongoza nne kwa tatu, na Mabaharia ndio wenye gongo, zamu yao ya kupiga. Wawili wao walikuwa wameshatolewa. Akitolewa mmoja tu zaidi, mechi imekwisha. Lakini vituo vyote vitatu vimejaa watu wao, na mpigaji anayeingia ni jitu lenye shingo kama gogo. Akiupata mpira vizuri, wawili wanarudi nyumbani na alama mbili, na Wafuachuma wanarudi kwenye ile miaka ishirini na miwili.

Ukuta kimya.

Denise alijua kimya hicho kinaweza kuwa na maana mbili. Huenda hata kwenye redio bado hakijatokea kitu. Au kimetokea, na mzee ameketi kule na fimbo mapajani, anajua, anamwachia sekunde zake thelathini na nane za mwisho za matumaini. Kwenye kioo jitu likapiga mpira ukaenda nje ya mstari. Likapiga mwingine, nje tena. Mrushaji akazunguka kilima chake cha kurushia, akachota udongo, akautupa. Ukuta kimya. Denise akaanza kumwomba Mungu, akaona haya kumsumbua kwa besiboli, akamwomba mama yake, ambaye hilo lilikuwa eneo lake. Mama, sema naye. Mpira wa tatu, nje. Likamjia wazo baya zaidi kuliko kufungwa, wazo la moyo wa miaka themanini na sita, akaegemeza sikio lake ukutani.

Ngo.

Alishtuka, kwa kuwa kishindo kilimfika moja kwa moja kwenye sikio. Kwenye televisheni mrushaji alikuwa bado ameinama akitazama ishara za vidole vya mwenzake.

Ngo.

Mbili zisingekuwa na maana. Wafuachuma hawakuwa na gongo, kwa hiyo hawangeweza kupata alama.

Ngo.

Hakukimbilia kujibu. Alifuta uso kwanza kwa kiganja, akaishika fimbo ya unga kwa mikono miwili, akagonga tatu, moja baada ya nyingine, kwa nafasi, kwa niaba ya yule ambaye angezigonga vizuri zaidi. Ng'ambo ya ukuta Mzee Caz akapenga kamasi kama tarumbeta.

Kwenye kioo hakuna aliyekuwa anajua lolote bado. Watu elfu arobaini wamesimama wamefumba midomo kwa mikono, jitu linatikisa gongo, mrushaji anajinyoosha. Denise akajifuta tena macho, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akaangalia walivyoshinda.